Tupeane uzoefu: muziki uliokukuza unaukumbuka kwa lipi?

Wakuu, salaam. Kuna jambo nimeliona kwenye familia yetu hapa Magomeni. Ukimuuliza baba muziki wa ujana wake, atakutajia bendi na wapigaji: nani alikuwa solo, nani besi, nani alihama. Mimi nitakughania mistari. Mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, anaanza kucheza kabla hajajibu.

Nadhani chanzo ni jinsi muziki ulivyotufikia. Baba alikulia enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi palepale redioni, na ukiutaka wimbo, usubiri upigwe au uifuate bendi ukumbini. Atakosaje kuwajua watu? Mimi nilikuwa na kaseti na daftari. Albamu ya Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay, mkali wa rap, 2001, niliinakili kwa mkono: sikiliza, simamisha, andika, rudisha nyuma. Mpaka leo "Ndio Mzee" hunikamati.

Wewe je? Taja na mtaa uliokulia.

Mzee wa Ilala
Kijana, baba yako yuko sahihi. Bendi ya Sikinde ilipoanza 1978, waimbaji akina Gurumo na Bitchuka wakatoka bendi ya Juwata, ndiyo Msondo, kwenda huko, mjini hapakukalika. Ni kama mchezaji atoke Simba aende Yanga. Mwaka 1985 Gurumo akaenda bendi nyingine, OSS, ubishi ukaanza upya. Ukumbi wa DDC Kariakoo tulikuwa tunawahi ili tupate meza upande wa magitaa. Mwimbaji anakusimulia kisa chake taratibu mpaka mwisho, ndipo magitaa yanaachiwa, tarumbeta zinajibu, na hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Nyimbo za sasa zinaisha hujakaa sawa. Na kwa mwimbaji Marijani Rajab msinibishie kabisa. "Zuwena" ikipigwa, nyumba nzima kimya.

Binti wa Temeke
Shikamoo mzee. Mbona taarabu hamuitaji? Mama yangu miaka ya 1990 alikuwa mtu wa kundi la TOT na mwimbaji wake Khadija Kopa, shoga yake upande wa wapinzani wao, Muungano na Nasma Khamis. Ukimuuliza leo, hakumbuki sana vinanda, anakumbuka nani alimtuza nani. Wimbo ukigusa ugomvi wako na jirani, unasimama na noti yako, unapita taratibu mbele ya meza yake, unakwenda kutuza huku unamtazama. Mama anaweza kukwambia mpaka jirani alivaa gauni gani siku hiyo. Huo nao ni muziki, jamani.

Wa Manzese
Shikamooni wakubwa. Singeli tuliisikia kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, huku Manzese na Tandale kabla redio hazijaitaka. Nyimbo tulirushiana kwa simu. MC anataja mitaa na watu waliopo, ukisikia jina lako unapagawa. Wazee walisema kelele, na mchiriku, muziki wa mtaani wa kabla ya singeli, na vile vinanda vyake vya Casio navyo waliviita hivyohivyo. Nyumbani kwetu wa kwanza kuielewa singeli alikuwa mjomba, na yeye alikuwa anapiga mchiriku.

Mleta mada
Mdogo wangu wa Manzese, muulize mjomba kama kanda zake zipo, zihamishwe kwenye simu kabla hazijaoza. Mzee wa Ilala, nashukuru, baba nimemsomea na anakubishia habari ya Marijani: yeye ni Msondo mpaka kaburini. Na watu wa Sinza kwa Remmy mbona kimya? Bendi ya Remmy Ongala, Super Matimila, mliisikia kwa karibu kuliko sisi wote, tupeni habari.