Stockholm: pesa ya kodi kugeuka faida ya kampuni ya shule, hii ni sawa?

MLETA MADA: Wakuu heshima kwenu. Niko Stockholm mwaka wa tisa huu na kuna kitu mpaka leo hakijanikaa kichwani. Shule huku ada hakuna, chakula cha mchana bure, ukiangalia haraka haraka unasema huu ni ujamaa mtupu. Kumbe tangu mageuzi ya 1992 mtu binafsi au kampuni inaruhusiwa kufungua shule, wanaziita friskola, haitozi mzazi hata senti lakini kila mtoto anaenda na fungu lake kutoka manispaa, na kampuni ikibana matumizi kinachobaki ni faida, inagawiwa wenye hisa. Kodi yangu hiyo! Wazee wao walianza na sheria ya 1842 kila parokia iwe na shule, hata hivyo wenye nazo waliendelea kupeleka watoto wao kwingine, wakahangaika weee mpaka 1962 ndio ikapitishwa shule moja ya miaka tisa kwa wote. Miaka 30 baadaye wakafungua mlango wa uani. Karibuni tujadili.

MAMA TENSTA: Kaka yangu naona unaongea kama mtu wa Södermalm, mtaa wa wenye nafasi katikati ya mji. Mimi nakaa Tensta, huku pembeni kwenye wahamiaji wengi, wangu wawili wanapanda treni kila asubuhi kwenda shule ya kampuni na sijutii. Shule ya hapa mtaani darasa karibu zima Kiswidi hakiongelewi nyumbani, walimu wanajitahidi na manispaa inawaongezea pesa, sawa, lakini mtoto atajifunza lugha na nani, na ukuta? Zamani ulikuwa unasoma unapokaa basi, kwa hiyo wa Östermalm kwa matajiri na wa Östermalm mwenzake, wa Tensta na wa Tensta. Hiyo ndio haki unayoililia?

MLETA MADA: Dada nakuelewa kabisa, ila foleni je? Hizo shule nyingi zinaangalia tarehe uliyojiandikisha. Mswidi anayejua mchezo anaandikisha mtoto akiwa bado kwenye nepi, mimi nimetua na mtoto wa miaka saba naambiwa kuna foleni, foleni gani tena jamani. Halafu hesabu yenyewe: darasa la watoto 25 wakihama 5, mwalimu ni yule yule, umeme ule ule, heating ile ile, pesa ya watoto watano imeondoka. Wanaobaki ndio wanaumia. Na 2013 mmesahau? JB Education, kampuni kubwa ya shule, walipofilisika maelfu ya wanafunzi wakabaki wanatafutiwa pa kwenda kama abiria wa basi lililoharibika Chalinze.

MWALIMU MSTAAFU, DAR: Wanangu, hawa Waswidi ndio waliotusaidia kuanzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi miaka ya 70, wazo tulilitoa kwao, mtu mzima anarudi kusoma bila kuulizwa cheti. Leo nasikia shule ina wenye hisa, nashangaa. Huku kwetu mzazi akikimbilia private anatoa mfukoni mwake, hata asipolala usingizi ni shauri yake. Huko anakimbia na pesa ya wote. Ila nawauliza, shule ya kampuni ikifundisha vizuri na ya manispaa ikafundisha ovyo, mtoto inamuhusu nini nani kachukua faida?

MLETA MADA: Shikamoo mwalimu. Inamuhusu kwa sababu faida inatoka mahali. Njia rahisi kabisa ya kuipata ni kupunguza walimu au kuchukua wa bei nafuu, na maktaba ikawa kabati moja. Kama ni lazima ziwepo basi ziwepo, ila kinachobaki kirudi darasani, na foleni ifutwe iwe bahati nasibu, wa Tensta na wa Östermalm wachovye kwenye kapu moja.

MAMA TENSTA: Hapo kwenye bahati nasibu nakuunga mkono asilimia mia. Ila kaka umezunguka sana, wako anasoma wapi?

MLETA MADA: Ya kampuni dada. Nafasi ilitoka mwaka jana.

MAMA TENSTA: 😂😂 Haya.