Tupeane uzoefu: mliowahi kutetea ardhi, msitu au mikoko ya kijiji (Tanga na Bagamoyo)

Mtu wa Pangani (mleta mada)

Salaam wakuu. Uzi huu si wa hotuba za tabianchi, hizo tunazisikia kwenye warsha tukisubiri chai. Nataka visa. Wewe uliyewahi kusimama na wenzako kulinda msitu, malisho, mikoko au kipande cha pwani, ilikuwaje? Mkishindwa, mlishindwa wapi?

Naanza mwenyewe. Babu yangu mvuvi alikuwa akitusimulia kisiwa cha Maziwe kilivyokuwa na mivinje, kasa wakipanda kutaga. Mimi nimekikuta fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni. Mtu aliyekulia hadithi hiyo hahitaji kuelezwa kwamba bahari inasogea. Tabu ni kwamba pwani yetu inaliwa pande mbili, maji huku na wanunuzi kule.

Shamba letu la minazi lilipakana na mikoko ambayo akina mama wa kitongoji walikuwa wakiipanda na kuilinda. Binamu yangu akauza, mimi niko Dar. Mkataba ukaandikwa: minazi arobaini na moja, mpaka wa mashariki bahari. Bahari! Yaani mikoko yote iliyo katikati imemezwa na neno moja. Uzio ukashuka hadi kwenye tope. Tulipokwenda kulalamika tukaulizwa, karatasi yenu iko wapi? Tulikuwa na minazi tu. Marehemu mzee aliamini mnazi ni hati, maana enzi zake aliyepanda mnazi hakuhojiwa. Karibuni.

Binti wa Mwani

Pole kaka. Mimi ni wa Bagamoyo, kijiji nakihifadhi.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa mwani. Zamani tulikuwa tunalima kotoni, aina ya mwani yenye bei. Maji yakaanza kuwa ya moto, ukitia mguu saa sita unautoa. Kotoni inakuwa nyeupe kwenye ncha, inalegea, inadondoka kwenye kamba. Wengi tukahamia spinosamu, mwani wa aina nyingine, bei ni ya chini lakini inavumilia. Wengine wakataka kusogea maji ya kina, ila huko unahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu hatujui. Kwa hiyo wakisema tabianchi, kwangu ni kamba tupu.

Sasa kisa. Wakaja wageni, wakajitambulisha ofisi ya kijiji, soda zikanywewa. Baada ya miezi tukaona vigingi vya saruji vimefunga njia tunayoshukia pwani na pale tunapoanikia. Kuuliza, tukaonyeshwa muhtasari: mkutano mkuu wa kijiji umeridhia. Nyuma yake kuna karatasi ya mahudhurio, na majina yetu yamo. La mama mkwe wangu limo na dole gumba lake.

Tulikaa kimya siku mbili, tukifikiri labda kweli tulisaini tukasahau. Aliyetuokoa ni huyo huyo mama mkwe, asiyejua kusoma. Aliuliza mkutano ulikuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Tukahesabu, tukakuta ni siku mbili baada ya mwezi mpevu. Akacheka. Akasema, "Bamvua hilo. Saa nne asubuhi mimi nipo kiunoni kwenye maji, dole gumba nimempa nani?"

Wanaolima mwani wanajua: siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na hupwa kama saa nne hivi, ndiyo siku zetu za kazi. Tukafungua daftari la kikundi, tunaandika nani kafika na kafunga kamba ngapi, maana malipo yanagawanywa kwa hesabu hiyo. Siku ile kumi na wanane tulikuwa shambani, na kumi na mmoja kati yao wamo kwenye mahudhurio ya mkutano. Karatasi ile ilitoka kwenye semina ya zamani ya mikopo, juu haikuwa na kichwa cha habari, wakaibandika tu.

Tulikwenda wilayani na daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, limelowa chumvi. Njia ilifunguliwa. Eneo la kuanikia mpaka leo tunazungushana.

Mtu wa Pangani

Dada, hiyo ya daftari naomba niisimulie kwetu. Na kwa wasiojua: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ndiyo maana wanahangaika kutafuta sahihi zenu.

Kaa Tope

Mikoko mikoko, mnaisifia sana. Mimi nimeshapanda mara tatu na mashirika matatu. Tunapewa fulana, tunachomeka zile mbegu ndefu za mkoko wenyewe, aina moja tu kati ya mikoko, kwenye mchanga ukingoni kabisa, picha zinapigwa, pilau inaliwa. Bamvua ya kwanza zote zinaelea. Mzee mmoja wa pale aliwaambia mapema, "Hapo mbele ni pa mlilana, aina nyingine hiyo, mkoko unataka tope la nyuma yake." Wakamwambia mradi una bajeti ya mkoko. Mwaka wa pili tukarudi kuchomeka pale pale!

Baadaye mzee alichukua vijana wanne bila fulana, wakafungua mfereji uliozibwa na jaruba la chumvi lililotelekezwa, maji yakaanza kuingia na kutoka. Mbegu zililetwa na maji zenyewe. Leo pana mchu, aina nyingine tena ya mikoko, hadi begani kwangu, na mzee hakuna aliyempiga picha.

Shemeji wa Vanga

Kaa Tope umesema kweli ila si wote. Mimi Mdigo wa Mkinga, nimeoa Vanga upande wa Kenya, mpaka kwetu ni kibao tu. Wenzetu wa Kwale wameipatia. Pale Gazi kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulianza 2013, wa kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, vijiji vya Gazi na Makongeni, hekta 117. Wanalinda, wanapanda, pesa inaingia kwenye kamati, wananchi wanakaa wanaamua: maji ya bomba, vitabu vya shule. Vanga nao wakafuata na wenzao wa Jimbo na Kiwegu. Baba mkwe alikuwa anasema wanauziwa upepo, sasa anakunywa maji ya upepo huo.

Niliporudi kwetu na wazo hilo nikaambiwa mikoko ni hifadhi ya serikali, si ya kijiji, kwa hiyo lazima makubaliano ya usimamizi shirikishi na Wakala wa Misitu. Sawa. Ila kijijini swali lilikuwa moja: tukilinda miaka ishirini, halafu pesa ya kaboni ikaja, jina la nani litakuwa kwenye mkataba? Hakuna aliyenijibu, na vijana wakarudi kukata nguzo. Siwalaumu sana.

Mzigua Asiyelala

Huku Handeni hatuna bahari, tuna msitu wa matambiko. Wazee walikuwa wanakwenda kuomba mvua, na hakuna aliyethubutu kutoa hata fimbo. Vizazi vimebadilika, tukawa na wachoma mkaa na mifugo, na mvua nayo ikawa haieleweki.

Tulipofanya mpango wa matumizi bora ya ardhi, wapimaji walitaka kuuandika "pori". Bibi mmoja akasimama: pori halina mwenyewe, huu una wenyewe. Tukabishana mchana kutwa. Imamu wetu hakutaka neno matambiko liingie kwenye ramani, wazee hawakutaka litoke. Mwishowe ukaandikwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na jina lake la Kizigua likabaki pembeni. Kila mtu akaondoka amenuna kidogo, nadhani ndivyo ilivyotakiwa.

Faida tuliiona mkaa ulipokamatwa: faini iliingia mfuko wa kijiji, tukaezeka darasa. Kwenye baraza la ardhi la kijiji sheria inataka wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Chagueni wanawake wakali. Wetu mmoja hakumpendelea hata mume wake.

Nimetembea Manyara

Nilifanya kazi Mbulu. Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja 2011, ya jamii nzima, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna binamu wa kuuza. Sasa wanauza kaboni ya miti yao. Mtanzania Edward Loure alipata Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, 2016 kwa kazi hiyo hiyo ya hati za pamoja kaskazini. Na wale Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, waliofukuzwa kwa hoja ya kuhifadhi msitu, Mahakama ya Afrika pale Arusha iliwapa haki Mei 2017, ikakataa kwamba wao ndio walioumaliza msitu.

Nauliza tu: kwetu pwani "mwenyeji" ni nani? Tanga waja leo, waondoka leo. Mdigo, Msegeju, Mbondei, Mpemba aliyekuja na dau miaka sitini iliyopita?

Shemeji wa Vanga

Mwenyeji ni anayejua mfereji ulipo, mkuu. Karatasi ifuate hapo.

Jirani Mpya

Samahani nimechelewa. Kijijini kwetu, upande wa Bagamoyo, tumetangaziwa mkutano wa kumkaribisha mwekezaji, Alhamisi saa nne. Tufanyeje?

Binti wa Mwani

Kabla ya kusaini, hakikisha karatasi ya mahudhurio imeandikwa juu ajenda na tarehe, kwa kalamu, mbele yenu. Ipige picha. Omba muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika, na uulize kijiji kina cheti cha ardhi na masjala ya ardhi au hakina.

Nimeangalia mwezi. Alhamisi ni bamvua. Nenda leo kwa mwenyekiti, mwambie mkutano uwe saa tisa alasiri, akina mama watakuwa wametoka majini.