Vidio za masomo zenye maswali katikati: YouTube, seva yangu au boksi la shuleni?

mwl_fizikia: Wakuu habari za saa hizi. Nafundisha kidato cha nne, wanafunzi kama 300, nataka vidio ambayo ikifika dakika fulani inasimama inamuuliza mtoto swali, akikosa inamrudisha pale kwenye maelezo. Hela sina nyingi. Nipandishe YouTube maswali niweke na H5P (zana ya kupachika maswali ndani ya vidio), nikodi seva yangu, au boksi la Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti) pale shuleni?

kodi_usiku: Anza na YouTube mkuu. Hulipii storeji wala data inayotoka, na H5P inakaa vizuri ndani ya Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Ubaya wake mtoto lazima awe na bando muda wote

mama_seva: Seva watu wanaangalia bei ya kuhifadhi tu wanasahau data inayotoka na hiyo ndo inamaliza hela. Vidio ya 400 kbps (kilobiti kwa sekunde) saa moja ni MB 180, zidisha kwa 300 ni GB 54, kipindi kimoja hicho! Ukiweka 1 Mbps kila mtoto anakula MB 450. Kwa ubao na sauti 400 inatosha kabisa, maandishi tu yawe makubwa. Ikate na programu ya FFmpeg iwe HLS, yaani vidio iliyogawanywa vipande vidogo, weka vya sekunde 6, mtoto akirudishwa nyuma simu inavuta vile vipande tu. Maswali yakae kwenye simu, ni kilobaiti chache, seva ibaki kugawa mafaili basi

kodi_usiku: @mama_seva si bora kuibana vidio kwa H.265, faili linapungua?

mama_seva: Simu nyingi za zamani zinahangaika nayo, inakwamakwama na betri inaisha. H.264, ile ya kabla yake, inafunguka karibu kila mahali

bwenini: Jamani mnawasahau wasio na simu. Kwetu ni bweni, simu marufuku, tukaweka Kolibri kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu), watoto wanaingia kwa kompyuta za maabara bila intaneti kabisa, vidio na mazoezi yote yamo na Kiswahili kipo. Ila umeme ukikatika ghafla memori kadi inaharibika, yetu imekufa mara mbili na mara ya kwanza hatukuwa na nakala, iliniuma sana. Nunua betri ya akiba mwalimu

mwl_fizikia: Asanteni mno. Nusu ya wangu wako bweni, naanza na boksi, wa kutwa nitawawekea hiyo 400. @mama_seva mtoto akijibu bando likakata, majibu yanapotea?

mama_seva: Hayapotei kama yanahifadhiwa kwenye simu kwanza, akiwasha data yanapanda. Lipange hilo kabla hujarekodi hata somo moja, kuja kuliongeza baadaye ni kazi kweli