Naomba ushauri: Harry Thuku Road niisimulie vipi?

Mtembeza Wageni: Habari zenu wakuu. Natembeza wageni kwa miguu katikati ya Nairobi, na namalizia Harry Thuku Road, pale hoteli ya Norfolk. Huwa nasema Thuku alitetea Waafrika, akafungwa, barabara ikapewa jina lake. Basi. Jumamosi mzee mmoja akanikatiza mbele ya watu: "Si huyo aliyewapinga Mau Mau?" Nikakosa la kusema. Nimtoe kwenye ziara?

Mstaafu wa Chaki: Usimtoe, mwanangu. Mzee kasema kweli ila kaanzia mwisho. Wewe anzia 1921: walowezi wanataka mishahara ikatwe theluthi, kodi imepanda, kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, kiko shingoni. Thuku alikuwa kijana wa simu tu pale hazina ya serikali, akaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Machi 14, 1922 wakamkamata.

Binti wa Ngara: Mbona kina mama hamuwataji? Tarehe 16 watu walijaa nje ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe. Wazee waliotumwa ndani wakarudi na maneno matupu, wanaume wakaanza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha gauni hadi mabegani, akawaambia wamvulie suruali zao, wao wavae gauni lake. Kwa Wakikuyu hilo si tusi dogo la kupuuzwa. Umati ukarudi, ukasonga hadi kwenye bayoneti, na risasi zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine wakataja zaidi ya 50. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku mwenyewe alikuwa ndani ya seli!

Kona Mbaya: Ongeza baraza ya Norfolk. Inasimuliwa kuwa walowezi waliokuwa wamekaa pale nao walifyatua. Wasimamishe wageni mahali wanapoona hoteli na Central Police kwa pamoja, hutahitaji maneno mengi.

Mtembeza Wageni: Asanteni sana. Na mzee akirudi na lile swali lake?

Mstaafu wa Chaki: Mkubalie. Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi, akakaa miaka, akarudi mpole, akaishia kwenye kahawa yake. Halafu muulize yeye: waliokufa pale nje walimjua Thuku yupi?

Mtembeza Wageni: Hapo sawa. Kona hii nilikuwa naipa dakika mbili, City Market ishirini. Kesho nazigeuza.