Naomba ushauri: kompyuta zote za ofisi ziendeshwe kutoka seva moja?

Habari za kazi, wakuu. Nina biashara ya pembejeo za korosho, makao makuu Mtwara mjini, matawi Masasi na Newala. Wafanyakazi tumefika kumi na wanne, kila mmoja na kompyuta yake.

Msimu uliopita umeme ulirudi kwa nguvu Masasi, ukaunguza mashine yenye hesabu zote za salfa (dawa ya mikorosho) tuliyowakopesha wakulima. Binti wa mahesabu alikaa wiki mbili na madaftari, anaandika upya jina kwa jina, wengine tukiwafuata mpaka vijijini. Iliniuma sana.

Sasa fundi ananishauri deskitopu pepe: programu na mafaili yakae kwenye seva, yaani kompyuta kuu moja, mezani kibaki kifaa kidogo kisicho na diski. Kikiungua, unachomeka kingine na kazi inaendelea ulipoishia. Nimeipenda, maana hata masasisho na nakala rudufu vinafanyika sehemu moja.

Hofu yangu ni mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika tulikaa karibu bila intaneti. Kwa mfumo huu, kama seva ni ya kukodi na iko mbali, tuseme Johannesburg, si ofisi nzima inasimama? Au ninunue seva niiweke hapa Mtwara, na inverta na betri zake? Lakini Newala nao wataifikiaje laini ikikatika?

Aliyewahi kufunga mfumo huu kwa watu wachache kama sisi, leseni zinalipwaje, kwa kichwa au kwa mashine? Nataka niamue kabla ya minada ya Oktoba.