Debian 12 inagoma kupunguza patisheni ya Windows, inasema sababu haijulikani

mwl_sumbawanga
Habari zenu wakuu. Nina kompyuta yenye diski ya GB 500. Ndani kuna Windows 10 na matokeo ya wanafunzi wangu ya miaka minne. Nataka Debian, mfumo wa Linux, ikae pembeni ya Windows, isiifute. Kwenye hatua ya kugawa diski nilichagua ile patisheni (sehemu ya diski) kubwa ya NTFS, yaani ya mpangilio wa faili wa Windows, nikaomba ipunguzwe, nikajibiwa kwamba haiwezekani kwa sababu isiyojulikana. Nimerudia mara tatu. Nafasi ipo, zaidi ya GB 200 ni tupu. Sijui kama inahusika, ila betri imekufa, natumia umeme wa ukutani tu, na huku unakatika mara kwa mara. Naombeni msaada, sitaki kupoteza hata faili moja.

dogo_tek
Mkuu washa Linux ya kwenye flashi, iendeshee patisheni hiyo ntfsfix, halafu rudi usakinishe. Dakika moja umemaliza.

fundi_mwanjelwa
Mwalimu, subiri kidogo. Dogo, nia yako njema, lakini ntfsfix si mbadala wa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski. Inarekebisha makosa machache ya msingi, inafuta jono ya NTFS (kumbukumbu ya mabadiliko yake), kisha inaiachia Windows ukaguzi wenyewe. Kwenye diski yenye kazi ya miaka minne, siwezi kumshauri mtu aanzie hapo.

Sababu inajulikana, ila imeandikwa kwingine. Kosa likitokea tena, bonyeza Ctrl+Alt+F4 usome mistari ya mwisho, kisha utuandikie hapa. Kurudi kwenye kisakinishi ni Ctrl+Alt+F5 kama ni kile cha picha, au Alt+F1 kama ni cha maandishi. Na kabla ya yote, nakili matokeo kwenye flashi. Leo hii.

mwl_sumbawanga
Nimenakili, flashi mbili. Imeandika kwamba NTFS ina hitilafu, niendeshe chkdsk /f kwenye Windows kisha niiwashe upya MARA MBILI, kwa herufi kubwa hivyo hivyo.

fundi_mwanjelwa
Basi umeme ndio uliokuumiza. Ukikatika Windows ikiwa katikati ya kuandika, hesabu ya vipande vilivyotumika kwenye diski inaweza isiendane tena na faili zenyewe. Programu ya kupunguza ikiona hivyo inakataa, na inakataa kwa faida yako, maana ingehamisha data kwa ramani yenye makosa.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `chkdsk C: /f`, jibu Y, washa upya. Ukaguzi utafanyika kabla Windows haijafunguka, usiukatishe. Ikifunguka, iwashe upya tena. Halafu andika `powercfg /h off` ndipo uzime. Bila hiyo Windows haizimiki kikamilifu, inalala nusu, na kisakinishi kitakugomea kwa sababu nyingine.

Tafadhali azima betri au UPS kwa siku hiyo. Umeme ukikatika katikati ya kupunguza patisheni, mimi sitakuwa na la kukusaidia.

dogo_tek
Asante fundi, hiyo ya ntfsfix sikuijua.

mwl_sumbawanga
Fundi, imekubali. Ukaguzi ulichukua dakika arobaini hivi. Nimeazima UPS ya maabara, nikaipunguza Windows hadi GB 400, Debian imepata zilizobaki. Nimefungua matokeo ya kila mwaka, moja moja, na yote yapo. Nashukuru sana. Betri nimeshaagiza.