Mrejesho: Raspberry Pi 3 na gemu za PlayStation ya kwanza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini RetroPie yangu (programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo) inacheza Super Nintendo vizuri ila gemu za PlayStation zinaleta skrini nyeusi, kisha zinanirudisha kwenye menyu.

Aliyesema niangalie faili la BIOS (programu ya kuwashia PlayStation yenyewe) alipatia kabisa. Nilikuwa nimeliweka kimakosa pamoja na gemu. Nikalihamishia kwenye folda yake na kurekebisha jina, maana Linux, mfumo unaoendesha RetroPie, inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Zikafunguka palepale!

Alama ya radi ya njano pembeni ya skrini, inayoonya kuwa umeme hautoshi, nayo imepotea: nilipanda daladala hadi Kariakoo, nikanunua chaja ya volti 5, ampea 2.5.

Nintendo 64 bado inakwama, hata baada ya kupunguza ukubwa wa picha kama mlivyoshauri. Hiyo nimeiacha. Wanangu wanacheza, mbarikiwe.